Deni la Kibadeni

Jumapili ya Oktoba 20, 2013, filimbi ya mapumziko ilipolia Uwanja wa Taifa, Yanga walikuwa mbele ya watani wao Simba kwa mabao matatu bila. Mrisho Ngassa alifungua, Hamis Kiiza akaongeza mawili, na la tatu liliingia mwishoni kabisa mwa kipindi, zile dakika ambazo kocha yeyote huomba zipite salama. Upande wa wekundu kulikuwa na watu walioanza kuteremka ngazi. Mwana Simba mwenye rafiki wa Yanga alijua simu itakayoingia muda huo inatafuta nini, kwa hiyo kuizima ilikuwa busara tu.

Kwenye benchi la Simba alikaa kocha mkuu, Abdallah Kibadeni, mzee aliyekwisha kuvuka miaka 60. Sidhani kama ndani ya uwanja ule wa watu 60,000 kulikuwa na mtu mwenye mengi ya kupoteza kama yeye, na pointi tatu za ligi zilikuwa sehemu ndogo ya hayo.

Turudi nyuma miaka 36. Julai 19, 1977, Simba iliifunga Yanga mabao sita bila majibu. Kibadeni alifunga matatu peke yake, dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan, yule waliyemwita Masimenti, akafunga dakika ya 60 na ya 73. Moja Yanga walijifunga wenyewe kupitia Selemani Sanga, dakika ya 20. (Tarehe hiyo iliangukia Jumanne, kwa hiyo Jumanne alifunga mawili siku ya Jumanne. Sijawahi kumsikia mtu akilitumia hilo kwenye utani, na ni hasara.)

Sasa zipange dakika hizo. Mapumziko ya 1977 yalifika Simba ikiongoza tatu bila, na mshambuliaji mmoja akiwa na mawili. Mapumziko ya 2013 yakafika Yanga ikiongoza tatu bila, na mshambuliaji mmoja akiwa na mawili. Rekodi zote mbili, ile ya mabao sita na ile ya mtu mmoja kufunga matatu kwenye mechi ya watani, zilikuwa zimefika nusu ya njia ya kuvunjwa kwa mpigo. Mwenye rekodi alikuwa pale pale, amevaa nguo za benchi la ufundi, na kazi aliyopewa safari hii ilikuwa kuzuia.

Nitarudi kwenye kipindi cha pili. Kwanza kuna swali ambalo mechi ile ililiweka wazi kuliko nyingine yoyote: kwa nini jina la mtu huyu halizeeki? Simba imepata wafungaji wengi tangu wakati ule. Imepata makocha waliobeba makombe mengi kumzidi. Kijana aliyezaliwa mwaka 2005, ambaye hawezi kukutajia kikosi cha Simba cha miaka kumi iliyopita, ukimuuliza nani alifunga matatu dhidi ya Yanga atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, tena ataanza na cheo: King Kibadeni.

Jibu la haraka ni kwamba alifanya jambo kubwa. Ni kweli, ila halitoshi, na njia nzuri ya kuonyesha kwamba halitoshi ni kuiangalia Yanga iliyofungwa siku ile.

Yanga ya 1977 ilikuwa nyumba iliyotoka kubomoka. Mgogoro wa katikati ya miaka ya 1970 uliipasua klabu vipande, kundi kubwa la wachezaji wenye majina likaondoka, na mwaka 1976 ikazaliwa klabu mpya, Pan African. Kitwana Manara alikuwa miongoni mwa waliovuka kwenda upande huo. Waliobaki Jangwani, makao ya Yanga, walikuwa wakijenga upya timu ya vijana. Simba nayo ilikuwa ndiyo kwanza inapanda: ilitwaa ubingwa wa Bara 1976, ikatwaa tena 1977, na haikuuachia hadi baada ya 1980. Timu iliyo kwenye kilele ilikutana na timu iliyogawanyika. Mzee wa Yanga akikueleza hivi, msikilize, hakudanganyi.

Ila maelezo yake hayamsaidii kitu, na anajua. Hakuna mtu aliyewahi kusema "sita, lakini." Kwenye utani wa Simba na Yanga idadi ya mabao inasafiri peke yake, sababu zinabaki stendi. Wana Simba nao wana mechi wanazoweza kuzitolea sababu za maana kabisa, na hakuna mtu wa Jangwani aliyewahi kuzisikiliza hadi mwisho.

Ili uelewe uzito wa sita, lazima ujue tano. Juni 1, 1968, wakati Simba bado inaitwa Sunderland, Yanga waliwapiga tano bila. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Kwa miaka tisa, watu wa Msimbazi, mtaa wa Simba, waliishi na tano ile. Walibadilisha jina la klabu mwaka 1971, wakatwaa ubingwa, wakafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974 na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti, lakini tano ilikuwa bado ipo. Tena mwaka huo huo wa 1974 Yanga wakawafunga 2-1 pale Nyamagana, Mwanza, kwa bao la Gibson Sembuli la kusawazisha dakika za mwisho na la Sunday Manara katika muda wa nyongeza, mechi ambayo wazee wa Yanga huisimulia kama walivyoiona jana. Kwa hiyo ile Jumanne ya 1977 ilikuwa siku ya kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, na Simba walilipa na riba ya bao moja juu.

Hapo ndipo deni lilipohama mtaa. Tangu siku ile anayedaiwa ni Yanga, na mwenye hati ni mtu mmoja ambaye jina lake lenyewe, ukilitamka polepole, linaishia na neno "deni." Lugha nayo ina utani wake.

Hoja yangu ni hii: Kibadeni hatunzwi na Simba. Anatunzwa na Yanga. Klabu yake ingeweza kumsahau, kama ilivyosahau wengi. Ni jirani ambaye hawezi. Kila mechi ya watani inapokaribia, kila Yanga wanapopata bao la tatu au la nne, hesabu inaanza upya kichwani mwa kila mtu uwanjani, na hesabu hiyo inaishia kwenye jina lake. Mashabiki wa Yanga wanamtaja ili siku moja waache kumtaja. Wale wa Simba wanamtaja kwa sababu Yanga wamemtaja.

Mfano wa kuipima hoja hii uko ndani ya Simba hiyo hiyo, miaka miwili baadaye. Mwaka 1979, kwenye Klabu Bingwa Afrika, Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar es Salaam ikaifunga Simba mabao manne bila. Kwa kawaida mechi ya marudiano baada ya matokeo kama hayo ni safari ya kwenda kumalizia ratiba. Simba ilikwenda Lusaka ikashinda tano bila na kusonga mbele. Thuwein Ali alifunga matatu.

Ukiniuliza mimi kama mtazamaji wa mpira tu, nisiye na rangi, mabao matatu ya Thuwein yana thamani kubwa kuliko ya Kibadeni. Yalifungwa ugenini, kwenye mashindano ya Afrika, timu ikiwa imeshazikwa na watu wameshatoka msibani. Watu wazima wanayakumbuka na huyataja kwa heshima. Lakini Thuwein hana cheo cha mfalme, na kijana wa 2005 anahitaji kusaidiwa kidogo kabla ya kulipata jina lake. Tofauti ni kwamba Mufulira hawakai Jangwani. Hawauzi vitunguu meza ya pili Kariakoo, hawapandi nawe daladala moja asubuhi ya Jumatatu, hawakuoa dada yako. Ushindi juu ya mtu wa mbali unashangiliwa, kisha hauna mtu wa kuudumisha. Aliyefungwa akiwa jirani, kila asubuhi ukifungua mlango unamwona.

Masimenti naye ni kipimo kingine, kidogo. Siku ile ile, uwanja ule ule, mabao mawili. Mawili kwenye ushindi wa sita bila dhidi ya mtani yangemtosha mtu kula bure maisha yake yote katika mitaa fulani ya Ilala. Leo ni jina la pili kwenye hadithi ya mtu mwingine. Pengo kati ya mawili na matatu, kwenye mechi hii, si bao moja. Nitalirudia hili mwishoni, maana mawili yana historia yake.

Kuna jambo jingine ambalo kizazi cha simu hulisahau. Mwaka 1977 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, na haikupata hadi miaka ya 1990. Mechi iliingia majumbani kwa redio, na siku iliyofuata kwa gazeti. Hakuna video ya kurudisha nyuma na kuona kama kipa alikosea, kama beki aliteleza, kama bao la pili lilikuwa la kuotea. Mabao matatu ya Kibadeni yalihifadhiwa kwa mdomo, na mdomo hauweki makosa ya mshambuliaji. Bao la leo linachambuliwa mara mia kabla ya usiku kuingia, kila mtu anachora mistari, na ifikapo Alhamisi limechoka. La 1977 halijachoka kwa sababu halijaonekana. Kila msimuliaji alilipeleka pembe ya goli aliyoipenda. Sisemi mabao yenyewe yalikuwa ya kawaida. Nasema kwamba kukosekana kwa picha, ambako kungeua sifa ya mchezaji wa nchi nyingine, huku kwetu kuliipa nafasi ya kukua.

Na kama angeishia hapo, akastaafu na kukaa barazani, labda tungekuwa tunamzungumzia kama tunavyozungumzia wakongwe wengi, kwa heshima na kwa umbali. Kilichomrudisha machoni mwa watu ni ukocha, na ukocha wake una sura mbili ambazo ni vigumu kuzipatanisha.

Sura ya kwanza ni 1993. Kombe la CAF lilikuwa changa, lilianza mwaka mmoja tu kabla, na Simba ya Kibadeni ililivuka kituo kwa kituo: Ferroviario ya Msumbiji, Manzini Wanderers ya Swaziland, USM El Harrach ya Algeria, Atletico Aviação ya Angola. Golini alikuwa Mohamed Mwameja. Mbele yake kina George Masatu, Hussein Masha, Malota Soma, Edward Chumila, Dua Said. Fainali ilikuwa dhidi ya Stella ya Abidjan, mechi mbili. Ya kwanza, Ivory Coast, iliisha bila bao.

Sare ya bila bao ugenini kwenye fainali. Mtu yeyote aliyekuwa na akili timamu Dar es Salaam aliona kombe limeshafika, limebaki kushushwa kwenye meli. Novemba 27, Uwanja wa Taifa wa zamani ulijaa, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwepo, na Stella wakashinda mabao mawili bila. Yote mawili alifunga Boli Zozo. Katika nchi nzima hakuna mgeni anayekumbukwa kwa jina na kwa uchungu kama huyo. Watu wasiojua Abidjan iko wapi wanalijua jina la Boli Zozo.

Kama kazi ya ukocha, ile ndiyo kilele cha Kibadeni. Ilichukua miaka 30 klabu nyingine ya Tanzania kufika fainali ya Afrika: Yanga, mwaka 2023, Kombe la Shirikisho, waliofungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likawapita kwa kanuni ya bao la ugenini. Simba wenyewe walirudi fainali mwaka 2025, wakafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Yanga na Simba hizi zilikuwa na wachezaji wa kulipwa kutoka kona zote za bara na benchi kubwa la ufundi. Ile ya 1993 iliundwa karibu yote na Watanzania.

Lakini muulize mtu wa kawaida kuhusu Kibadeni, usimwongoze, halafu uone anaanza wapi. Anaanza 1977. Ukimwachia muda anafika 1993, na akifika anazungumzia Boli Zozo. Mchezaji amemfunika kocha, na naona sababu ni ile ile ya jirani. Fainali iliyopotea haina mtu wa kumtania. Simba hawakuweza kuitumia kwa raha, kwa kuwa iliisha kwa kilio, waliweza tu kuitumia kama ngao, "sisi tulifika, nyie je?", na ngao hiyo ilidumu hadi 2023 Yanga walipofika nao.

Sura ya pili ni 2013. Kibadeni alikuja Simba akitokea Kagera Sugar, akachukua nafasi ya Mfaransa Patrick Liewig. Msaidizi wake alikuwa Jamhuri Kihwelo, Julio, naye mchezaji wa zamani wa Simba. Kila klabu kubwa hapa kwetu ina tabia hii: mambo yakiwa mazuri na fedha zipo, kocha anatoka Ulaya, mambo yakiyumba, anaitwa mzee wa nyumbani. Mzee haitwi kwa vyeti. Anaitwa kwa sababu jina lake litanyamazisha mashabiki kwa miezi michache, na kwa sababu hawezi kukataa. Hapo ndipo umaarufu unapogeuka mzigo, maana kocha mgeni akifungwa ni kocha mbovu, lakini mfalme akifungwa anaambiwa ameharibu jina lake.

Benchi la pili siku ile lilikuwa na mtu ambaye kisa hiki kinamhitaji. Kocha wa Yanga alikuwa Ernie Brandts wa Uholanzi. Mwaka 1978, kwenye Kombe la Dunia Argentina, Brandts alijifunga dhidi ya Italia, kisha mechi hiyo hiyo akaisawazishia Uholanzi, ikashinda 2-1 na kuingia fainali. Fainali yenyewe aliicheza. Ukiweka wasifu wa watu wawili hawa mezani mbele ya mtu wa Amsterdam, hatapoteza hata sekunde. Pale Kariakoo napo hakuna aliyepoteza sekunde, ila jibu lilikuwa la upande mwingine. Brandts alikuwa Mzungu kocha wa Yanga. Kibadeni alikuwa Kibadeni.

Basi kipindi cha pili. Hotuba za vyumba vya kubadilishia nguo hupambwa sana zikisimuliwa, mimi naangalia kilichoonekana uwanjani. Simba waliorudi walisogeza timu mbele, wakaacha kuogopa bao la nne. Betram Mwombeki akafunga la kwanza. Joseph Owino akafunga la pili. Gilbert Kaze, zikiwa zimebaki dakika chache, akasawazisha. Owino na Kaze ni mabeki wa kati, yaani mabao mawili kati ya matatu yaliletwa na watu walioajiriwa kuzuia. Na tazama hili: Kiiza ni Mganda, Owino ni Mganda, wenzake wa timu ya taifa. Mganda mmoja alifika nusu ya njia ya kuvunja rekodi ya 1977, Mganda mwingine akasaidia kumrudisha alikotoka.

Tatu kwa tatu. Waliokuwa wameteremka ngazi walisikia kelele wakiwa nje. Mashabiki wa Yanga walitoka kimya kana kwamba wamefungwa, na kwa namna fulani walikuwa wamefungwa, maana walishaanza kuhesabu hadi sita.

Kwenye jedwali la ligi ile ni pointi moja, sawa na sare yoyote ya bila bao pale Chamazi. Kwa Kibadeni ilikuwa siku aliyolinda mabao aliyoyafunga miaka 36 iliyopita. Sidhani kama kuna mchezaji mwingine wa hapa nchini aliyepata nafasi ya kukaa kwenye benchi na kuitetea rekodi yake mwenyewe kwa dakika 45, akianzia tatu nyuma.

Lilimsaidia? Halikumsaidia. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, Simba ilimwondoa yeye na Kihwelo, na Desemba ikamleta Zdravko Logarusic kutoka Croatia, aliyekuwa amejijengea jina Kenya akiwa na Gor Mahia. Desemba hiyo hiyo Logarusic akawafunga Yanga 3-1 kwenye mechi ya kirafiki ya Nani Mtani Jembe, na Brandts naye akafungashiwa virago. Kwa hiyo ndani ya miezi kama miwili makocha wote wawili wa ile 3-3 walikuwa nje. Mmoja wao alirudi Uholanzi na mji ukaendelea na shughuli zake. Mwingine alirudi kwenye nafasi yake ya zamani, ile isiyo na mkataba wala kamati ya kuusitisha, na mechi ya watani iliyofuata watu wakaanza tena kumtaja.

Nimesema nitarudi kwenye mawili. Angalia wanaume waliofika mawili kwenye mechi hii wakati timu zao zinaoga mabao. Dilunga na Zimbwe, 1968, wote mawili mawili, kila mmoja akibaki na moja tu ili Yanga wawe na rekodi hiyo mapema. Masimenti, 1977. Kiiza, 2013. Kati ya hao hakuna aliyekaribia kama hawa wawili wafuatao.

Mei 6, 2012, Simba walishinda tano bila. Emmanuel Okwi alikuwa moto usiozimika, alifunga la kwanza watu hawajakaa vizuri kwenye viti, akaongeza jingine kipindi cha pili. Simba walipata penalti tatu mechi ile. Tatu! Moja akapiga Patrick Mafisango, ambaye siku kumi na moja baadaye alifariki kwa ajali ya gari, Mungu amrehemu. Moja akapiga Felix Sunzu. Na moja akapewa Juma Kaseja, kipa, atoke golini kwake avuke uwanja mzima kuja kupiga, kwa raha tu ya kumtia mtani uchungu. Okwi hakupewa hata moja. Sijui kama mtu yeyote kwenye benchi alikumbuka rekodi ya mzee. Nadhani walikuwa wanakumbuka utani tu.

Novemba 5, 2023, zamu ya Yanga. Tano kwa moja, ile waliyoipa jina la kono la nyani. Kennedy Musonda alifungua, Max Nzengeli akafunga dakika ya 64, Stephane Aziz Ki dakika ya 73, Nzengeli tena dakika ya 77. Nne. Upande wa kijani na njano watu walikuwa wanahesabu kwa vidole, kwa sababu zimebaki dakika 13 na nyongeza. Dakika ya 87 Yanga wakapata penalti.

Nzengeli alikuwa na mawili. Penalti ile alipiga Pacome Zouzoua.